Kobe wa mwanangu hali chakula, na baridi inazidi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda wasomaji wako wakaliona dogo, kwa kuwa linahusu mnyama anayeenea kiganjani, lakini kwangu limekuwa zito kiasi cha kuninyima usingizi, na sijapata namna ya kulizungumza nyumbani bila kuanzisha ugomvi.

Mwezi wa pili mwaka huu baba mkwe wangu alifariki dunia. Tuliishi naye miaka minne, na mwanangu wa kwanza, mwenye miaka minane, ndiye aliyekuwa akimpelekea chai barazani kila asubuhi na kumshika mkono siku za Jumapili wakienda kanisani, kwa mwendo ule wa mzee ambao uliwafanya wafike ibada ikiwa imeshaanza. Tangu siku ya mazishi mtoto alipunguza maneno hadi yakabaki ya lazima tu: ndiyo, hapana, nimeshiba. Mwalimu wake, ambaye ni mwenzangu kazini, aliniambia kwamba hasomi kwa sauti tena hata akiitwa jina mara tatu.

Mwishoni mwa Mei mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na husafiri kati ya Dodoma na huku kwetu, alirudi na boksi la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kobe mchanga, urefu wake haufiki sentimita 6, mwenye gamba la mviringo lililoinuka, rangi ya manjano yenye mabaka meusi. Alisema alimnunua kwa shilingi 10,000 kwa vijana waliokuwa wamesimama kando ya barabara, mbele kidogo ya Mtera. Mtoto alimtazama akitembea juu ya meza, akacheka, akasema, "Anatembea kama babu." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu katika miezi mitatu. Kobe akaitwa Babu tangu siku hiyo, na jioni hadi jioni mtoto hukaa naye akimsimulia mambo ya shule, nami husimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufuga kobe. Tulimpa kabichi, ndizi mbivu, na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ambao aliupenda sana. Baridi ya Juni ilipoanza akawa mzito na mwenye kulala. Nilisoma kwenye simu kwamba kobe hulala majira yote ya baridi na kwamba hapaswi kusumbuliwa, basi nikamlaza katika boksi lenye nyasi kavu, nikaliweka stoo. Baada ya wiki moja nilipomtazama, macho yalikuwa yamefumba na puani mlikuwa na mapovu madogo. Nimemrudisha sebuleni, karibu na dirisha linaloingiza jua, lakini leo ni siku ya tisa hajatia kitu mdomoni, na gamba lake la chini linabonyea ninapoligusa.

Mume wangu hataki kusikia habari ya daktari. Anasema, "Kobe hafi hivi hivi, acha wasiwasi," na anasema kwa hasira ambayo sijaizoea kwake. Mama mkwe anasisitiza kwamba mnyama asiondoke, kwa kuwa ndiye aliyemfungua mjukuu wake kinywa. Mwalimu mwenzangu mmoja, kwa upande wake, ameniambia kwamba kobe ni mnyamapori, kwamba kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, na kwamba nikimpeleka kwa daktari ninaweza kukamatwa mimi na mume wangu pamoja.

Nifanyeje, Shangazi? Nikimkabidhi kwa serikali, nahofia mwanangu atafunga kinywa tena na mume wangu ataingia matatani. Nikimwambia mume wangu amrudishe porini, sijui kama atapona huko. Nikinyamaza, huenda akafia mikononi mwetu, na mwanangu atakuwa amemzika babu yake mara ya pili.

Mama mwenye mashaka, Njombe

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba mkwe, na pole kwa usiku unaoupitisha macho.

Barua yako niliisoma asubuhi, na kwa kuwa mnyama mgonjwa hasubiri zamu ya gazeti, sehemu ya haya yanayohusu matunzo nilikutumia siku hiyo hiyo kwa namba uliyoniachia, baada ya kumuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini. Ninayachapisha tena kwa sababu nina hakika nyumba yako si ya pekee yenye boksi la biskuti.

Nikikuelewa vyema, una mashaka matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna kiumbe anayeumwa nawe hujui namna ya kumtunza, kuna sheria ambayo umeisikia nusu nusu na ikakutia hofu, na kuna mtoto ambaye ukimya wake umevunjwa na kiumbe huyo huyo. Kila unapojaribu kulishughulikia moja, unaona mawili yaliyobaki yakikuvuta nyuma. Naomba tuyafungue pole pole, ingawa nakiri mapema kwamba sitakuwa na neno moja la kukwambia "fanya hili."

Tuanze na kobe mwenyewe, kwa maana yeye ndiye asiye na muda. Kwa jinsi ulivyomweleza, huyu anafanana na kobe wa madoadoa wa nyika zetu kavu, ambaye akikua huzidi kilo 10 na huweza kuishi miongo mingi kuliko mbwa au paka yeyote uliyemjua. Kobe wa aina hii halali usingizi wa majira ya baridi. Ulichosoma kwenye simu hakikuwa uongo. Kiliandikwa juu ya makobe wa nchi za Ulaya, ambao miili yao imezoea kuzimika theluji inapofika. Wa Mtera hajui jambo hilo. Baridi ya Njombe ikimpata hapumziki, bali mwili wake, usioweza kujitengenezea joto, unasimama kidogo kidogo: tumbo haliyeyushi chakula, kinga inashuka, na mapafu yanaingiwa na maradhi. Mapovu puani ni dalili ya jambo hilo, na ni hatari zaidi kwake kuliko kwetu kwa sababu kobe hawezi kukohoa akatoa kilichomkaba. Usijilaumu kwa wiki ile ya stoo. Ulitafuta maarifa ukapata yasiyo ya mnyama wako, na watu wengi wenye elimu kukuzidi hukosea hapo hapo.

Anachohitaji kwanza ni joto, kabla ya chakula. Kumlisha kobe aliyepoa ni kumwekea chakula kitakachoozea tumboni. Kama kuna umeme, balbu ya zamani inayotoa moto, ile ile wanayotumia wafugaji wa vifaranga, ikining'inizwa upande mmoja wa boksi pana ili chini yake pafikie nyuzi joto 30 hadi 33 na upande wa pili pabaki na ubaridi wa kukimbilia, inatosha kwa kuanzia. Usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 20. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga itasaidia kwa saa chache. Tafadhali usimwekee jiko la mkaa chumbani, kwa ajili yake na kwa ajili yenu ninyi mnaolala humo. Kisha mkalishe kila siku kwa robo saa katika beseni lenye maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni, kwa maana kobe mchanga hukauka upesi, na wengi hunywa wakiwa ndani ya maji hayo.

Kuhusu dirisha, wazo lako lilikuwa zuri ila kioo kimekuhini. Miale ya jua inayomwezesha kobe kutengeneza vitamini D, na kwa vitamini hiyo kuimarisha gamba, huzuiwa na kioo, kwa hiyo aliyekaa sebuleni karibu na dirisha ameona mwanga tu. Akishapata nguvu, saa sita ya mchana jua likiwa wazi, mtoe nje kwa nusu saa, penye kivuli cha kujificha na mtu wa kumlinda dhidi ya kunguru na mbwa. Gamba la kobe ni mfupa ulioungana na uti wa mgongo na mbavu zake, na linapobonyea kuliko inavyotarajiwa kwa mchanga, mara nyingi ni njaa ya madini ya kalisi. Hapo ndipo mkate na maziwa vilipowadanganya: kobe hana uwezo wa kumeng'enya maziwa, na kabichi na ndizi havimpi anachohitaji. Chakula chake ni nyasi, majani ya mchunga, na majani na maua ya haibiskasi ambayo hayajapuliziwa dawa, yakinyunyiziwa unga kidogo wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Mchicha si sumu, lakini usiufanye wa kila siku, kwa kuwa una kitu kinachoikamata kalisi isiingie mwilini.

Daktari niliyemuuliza alisisitiza jambo moja ambalo nalirudia kwa msisitizo uleule. Wataalamu wetu wengi wamefundishwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na dawa ya minyoo iliyo karibu na mkono wao mara nyingi ni ivamektini. Dawa hiyo, iliyo salama kwa mbuzi, inaweza kumpoozesha na kumwua kobe. Yeyote atakayemtibu, mwambie hivyo kwa upole kabla hajafungua mkoba. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, na asimbusu, kwa kuwa kobe mwenye afya kabisa aweza kubeba vimelea vya salmonela. Mdogo wake, ikiwa bado anatia kila kitu mdomoni, ni heri asimshike kabisa.

Sasa nigeukie maneno ya mume wako, kwamba kobe hafi hivi hivi. Kwa upande wa mnyama si kweli. Kobe hufa pole pole, na kwa kuwa hufa pole pole huonekana kama hafi, hata mwenye nyumba akashtuka siku ambayo hakuna tena la kufanya. Lakini nimeyasoma maneno hayo mara kadhaa, pamoja na ile hasira ambayo hujaizoea, na nikajiuliza kama yanamhusu kobe kweli. Katika barua yako ndefu umenieleza mtoto alivyonyamaza baada ya msiba, na mama mkwe anavyosema. Sikuona popote ulipoandika jinsi mume wako alivyoomboleza. Aliyefariki alikuwa baba yake mzazi. Huenda alirudi barabarani baada ya arobaini na hakuna aliyemwuliza kitu. Kisha akiwa njiani, peke yake, akanunua kiumbe kikongwe cha sura, chenye mwendo wa taratibu, akakileta nyumbani. Huenda nakosea, kwa kuwa simfahamu, lakini ikiwa kuna chembe ya ukweli hapo, basi unapomwambia "kobe anakufa" yeye anasikia sentensi nyingine.

Vivyo hivyo kwa mtoto. Mama mkwe anaamini kobe ndiye aliyemfungua kinywa, nawe umekubali, hadi kuondoka kwa kobe kunaonekana kuwa ni kuondoka kwa sauti. Yawezekana. Lakini tazama pia ni nini kingine kilichokuja na boksi lile: jioni yenye utulivu, kazi ya kulea ambayo aliipoteza pale chai ya barazani ilipokoma, na msikilizaji asiyemwuliza "mbona husemi?" Hayo hayakai ndani ya gamba. Huenda angependa kusikia habari ya Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park mjini Mombasa, na huko akajibandika kwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mzee alimkimbia mwanzoni, kwa mbio za kobe, kisha akamzoea, wakawa wakilala na kuoga pamoja. Baadaye Owen alitenganishwa naye ili akae na kiboko mwenzake. Mtoto wa miaka minane anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kutengana huko, na ningependa uyasikie kabla hujaamua chochote.

Tufike kwenye sheria. Mwenzako hakukudanganya. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyamapori kuwa mali ya umma, na kumweka bila kibali ni kosa, hata kama umemnunua kwa fedha yako na kumpenda kwa moyo wako. Jamii yote ya makobe wa nchi kavu imo pia katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na ndugu yake mmoja, yule bapa mwenye gamba lililolala kama chapati na anayejificha katika nyufa za miamba, tangu mwaka 2019 yumo katika orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, kwa sababu amekusanywa na kuuzwa kupita uwezo wake wa kuzaa. Ninakwambia haya si kukuongezea hofu. Vijana wa barabarani huokota kwa sababu madereva hununua, na ile shilingi 10,000 imewaambia warudi kichakani, jambo ambalo mume wako hakulikusudia.

Je, ukimkabidhi? Katika halmashauri yako yupo afisa wanyamapori, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Siwezi kukuahidi watakavyolichukulia, na mtu yeyote anayekuahidi anasema asichokijua. Ninaloweza kusema ni kwamba mtu anayefika kwa miguu yake, akiwa na mnyama hai na maelezo ya kweli, hayuko mahali pamoja na yule anayekutwa amemficha. Na ikiwa hofu ni kubwa, hakuna aibu kuzungumza kwanza na wakili au msaidizi wa kisheria ili ujue namna ya kulieleza. Hasara ya njia hii ni kwamba huenda msipate tena habari za kobe wenu, na mtoto atauliza.

Kumrudisha Mtera wenyewe kunaonekana kuwa rahisi, na ndiko ninakokuogopa zaidi. Mgonjwa akiachwa porini hana nguvu ya kumkwepa nguchiro wala kunguru, na anaweza kuwaambukiza makobe wa huko maradhi aliyoyapata katika boksi. Kama atarudi, ni vyema arudi akiwa amepona, kwa mkono wa wanaojua.

Kuomba kibali cha kubaki naye ni njia ya halali kuulizia, lakini jiulize pia kama Njombe inamfaa: balbu kila usiku wa baridi, uzio, jua, na mnyama ambaye mwanao atakuwa na wajukuu angali anadai mchunga. Kunyamaza nako ni uamuzi, mwanangu. Nyumba yenye siri humfundisha mtoto kushusha sauti, naye ndiyo kwanza ameipata.

Jambo la mwisho ni lile uliloliandika mwishoni kabisa, kwamba atamzika babu mara ya pili. Linaweza kutokea hata mkifanya kila kitu sawasawa. Siku tisa bila chakula na mapovu puani si jambo dogo. Usimfiche. Mwambie kwamba Babu ni mgonjwa, kwamba mlikosea chakula na baridi kwa kutojua, na mpe kazi ya kweli: apime maji ya beseni kwa kiwiko, ampime kobe uzito kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi na kuandika gramu daftarini. Ikiwa atapona, daftari hilo litamfaa afisa. Ikiwa hatapona, mtoto atakuwa amemuuguza, na kuuguza ni jambo ambalo huenda hakupewa nafasi ya kulifanya mwezi wa pili, watu wazima walipojaa chumbani.

Mume wako akirudi safari hii, usianze na daktari wala sheria. Mwulize ni mahali gani hasa vijana wale walikuwa wamesimama, kwa kuwa yeyote atakayempokea kobe atahitaji kujua alikotoka. Mwulize mtoto akiwapo. Mwache asimulie safari yote, na akifika pale alipomwona kobe kwa mara ya kwanza, mwulize alimkumbuka nani.

Niandikie tena, mwanangu, nijue uzito wa Jumamosi.

Shangazi